Inakata au Inagonga

Sabuni zenyewe nilizikuta nyuma ya mashine ya kufulia, ndani ya mkebe wa biskuti, siku ya pili baada ya kumzika Ami Faki. Bi Mize alikuwa amenituma nimtafutie poda ya kufulia vitambaa vya meza. Nilipofungua mkebe nikaona vipande viwili vya sabuni ya mche, vimekauka na kupasuka kama kisigino, kila kimoja kimekatwa kati kwa urefu, na ndani ya kila kimoja mna njia ya risasi. Kimoja kina njia nyembamba iliyonyooka, kana kwamba mtu kapitisha kalamu. Cha pili kinaanza na tundu dogo la adabu, halafu kinafunguka ghafla, pango zima, unaweza kuficha ndimu humo. Nikakaa chini sakafuni. Binti yangu, aliyekuja kunisaidia vyombo vya msibani, akataka kujua kulikoni. Nikamwambia hizi ni sabuni tulizozipiga risasi mimi na Ami, ili tujue kama sungura ni halali. Binti yangu anaelewa Kiswahili chote, lakini hunijibu kwa lugha ya walimu wake. Akasema, "Mum, you shot rabbits? Like, actual bunnies?" Nikamwambia mimi sikupiga. Mimi nilikuwa mkimbiaji.

Watu wakisikia habari ya bunduki mjini London hufikiria mambo ya magenge. Bunduki niliyoijua mimi ilikuwa ya mzee mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, mwenye leseni ya polisi, na aliyeiweka ndani ya kabati la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani chini ya ngazi, pembeni ya mifuko ya mchele. Mwenzake mmoja wa kazini, kwenye bohari la barua, ndiye aliyempeleka kwenye klabu ya kulenga shabaha, naye Ami akaipenda ile kazi ya kushusha pumzi na kunyamaza, yeye ambaye nyumbani hanyamazi. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu mwaka wa mambo haya. Nilitunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee mtaani Barking, hapo hapo London, nikisubiri nafasi ya kusomea unesi, na nilipanga chumba cha juu kwa Ami Faki na Bi Mize. Nilimwita Ami kwa heshima, si kwa damu. Sisi watu wa Pemba tukikutana ugenini hatuchelewi kugawana ujamaa. Chumba changu kilikuwa na tangi la maji lililokuwa likiguna, na sakafu nyembamba kiasi kwamba yote yaliyosemwa jikoni niliyapata moto moto pamoja na harufu ya nazi ya mkebe.

Sebuleni mlikuwa na viti viwili vya mikono vilivyoelekeana. Kimoja cha Ami, kimoja cha Mzee Shaame. Hawa wawili walisoma chuo kimoja cha Kurani Wete, wakatoka pamoja wakiwa vijana, wakafika London pamoja, na sasa walikuwa wanazeeka mitaa miwili mbalimbali, Mzee Shaame akiwa mjane na fundi bomba mstaafu. Kila Jumapili alikuja kula chakula cha mchana na kubishana. Walibishana kama mwezi umeandama au haujaandama, walibishana juu ya chumvi, walibishana juu ya nani alidaka goli la Wete katika mechi ambayo nadhani wao wawili tu ndio walioikumbuka. Bi Mize alikuwa akisema yeye ana mke mwenza mwenye ndevu. Mimi mgeni nilidhani wazee wale hawapendani. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ule ubishi ndio ulikuwa mapenzi yenyewe, na kwamba Ami Faki huanza kuutayarisha tangu Alhamisi.

Jumapili ya ugomvi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na sahani yangu magotini, kwa kuwa meza ilikuwa ya watu watatu. Bi Mize alikuwa amepika wali na sungura wa nazi, na pilipili mbuzi mbili nzima juu yake. Mzee Shaame akauliza nyama gani. Ami, kwa furaha, na nadhani furaha ndiyo iliyomponza, akasema ni sungura, kampiga mwenyewe, mkono wake huu. Mzee Shaame akauliza nani aliyemchinja. Ami akajibu hakukuwa na haja ya kuchinja, alisoma bismillahi akafyatua, mnyama akafa pale pale. Nikasikia kijiko kinawekwa mezani taratibu.

"Faki," Mzee Shaame akasema, "wataka kunilisha mzoga?"

Kilichofuata kilikuwa kirefu na mimi nilikielewa nusu. Ami alitaja maulamaa wa siku hizi walioruhusu mawindo ya bunduki. Mzee Shaame alimkumbusha kitabu walichokariri wote wawili kwa mwalimu mmoja: mnyama aliyekufa kwa kupigwa na kitu kizito haliwi, hata ukisoma bismillahi mara mia. Mshale unakata, sawa. Mbwa wa mawindo ana meno, sawa. Lakini risasi ni risasi. Na hapa lugha yetu ilimsaidia, maana kwetu neno ni moja: risasi ile inayotoka kwenye bunduki na risasi ile madini. Mzee Shaame alitumia umri wake wa kazi akilala chali chini ya sakafu za watu wa London, akitoa mabomba ya zamani ya risasi. Akitaja risasi, alikuwa anataja kitu alichokikunja kwa mikono. Alisema madini yale ni laini, yanakubali ukucha, na kitu laini hakikati nyama, kinagonga tu. Kumpiga mnyama kwa risasi ni sawa na kumrushia jiwe. Akaondoka bila kunywa chai. Jumapili iliyofuata hakuja. Bi Mize akampelekea bakuli lenye kifuniko, likarudi na kifuniko chake, halijaguswa. Likapelekwa tena, likarudi tena.

Sijui kama vijana wa leo wanaweza kuelewa jinsi nyumba inavyoweza kupwaya kwa kukosekana mtu mmoja mgomvi. Ami alihamia kwenye redio, akawa anabishana na watangazaji. Alikaa akikitazama kile kiti. Siku moja Bi Mize, akikuna karoti bila kuniangalia, aliniambia ana hofu na mumewe. "Huyu hashibi kwa chakula," alisema. "Anashiba kwa Shaame. Ukipita mwaka hivi, mwanangu, ntamzika." Mimi nilicheka kidogo, nikamwona hacheki, nikaacha.

Ami hakuwa mtu wa kuomba radhi wala wa kuacha bunduki. Alikuwa mtu wa kutafuta ufundi. Wazo lake lilikuwa hili: Shaame anataka kisu, basi kisu kitafika. Sungura akipigwa, afikiwe kabla roho haijatoka, achinjwe, na mabishano yaishe. Tatizo ni magoti yake, ambayo hayakuweza kukimbia hata kulifukuza basi. Ndipo jioni moja aliponiuliza, kana kwamba ni jambo la kupitisha wakati tu, kama ni kweli nilicheza netiboli shuleni. Nikasema ni kweli. Akaniuliza kama naogopa damu. Nikamwambia mimi nabadilisha vidonda vya watu kila asubuhi. Akapiga tasbihi moja, akaniambia nitafute viatu vizuri.

Malisho yenyewe yalikuwa ng'ambo ya Upminster, pale London inapoishia bila kuaga, nyumba, nyumba, halafu farasi. Mwenye malisho alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvuta sigara, jina lake Jean. Ami hakuweza kulitamka bila kuliharibu, au hakutaka, kwa hiyo nyumbani kwetu aliitwa Jini. "Kesho nakwenda kwa Jini," Ami alikuwa akisema, na Bi Mize alikuwa akiwaambia wageni kwamba mumewe ana jini mahaba huko Upminster na anampelekea maandazi. Jini alikuwa na farasi watano na mashimo ya sungura yasiyo na idadi. Farasi mmoja alikwisha kutumbukiza mguu shimoni akavunjika, ikabidi auawe, na Jini aliposimulia hilo aliangalia pembeni. Ruhusa aliyompa Ami ilikuwa na sharti moja tu. Sungura wafe, na wafe mara moja. Asione mnyama wa Mungu anajikokota kwenye ardhi yake.

Sasa hapo ndipo nilipoanza kuona utamu wa jambo hili, na nikiri mpaka leo utamu wake haujanitoka. Mimi nilikuwa najua risasi ni risasi, kama mzee yule. Kumbe hata hizi ndogo kabisa, zile za tuu-tuu, yaani namba ishirini na mbili, zisizozidi ukubwa wa punje ya karanga pamoja na ganda lake, ni ukoo mzima wenye tabia mbalimbali. Ganda lake halina kitufe katikati ya kitako. Baruti huwashwa kwa kugongwa ukingo. Ami alinieleza hayo akiwa amezipanga kwenye kitambaa cha meza, akiziita kwa majina ya watu wa Wete. Kulikuwa na zile zenye tundu kichwani, ambazo zikiingia nyamani hufunguka na kumaliza kazi hapo hapo. Kulikuwa na zile ngumu, kichwa mviringo, hazina tundu, hizo hupenya na kutokea upande wa pili na safari yake haiishi. Zikigusa jiwe au ardhi ngumu huruka zikaenda usikokujua, ndiyo maana Ami hakulenga kamwe bila tuta la udongo nyuma ya shabaha. Zipo za mbio, zinazopasua hewa kwa mlio wa mjeledi, ukimpiga sungura mmoja wenzake wote wanaingia ndani. Na zipo za polepole, zinazokwenda chini ya mwendo wa sauti. Hizi ukizifyatulia kwenye bomba la kuzima mlio husikii ila kikohozi, na sungura wa pili anaendelea kula majani. Lakini hizo za polepole hushuka upesi, kama mpira uliorushwa, kwa hiyo usipoujua umbali utapiga majani.

Tulikwenda dukani kununua. Muuzaji alikuwa jitu lenye tatuu mpaka shingoni, mpole kama muuza vitabu. Alimwambia Ami asitafute risasi bora, kwa sababu haipo. Kila mtutu una ulaji wake, na bunduki mbili za kiwanda kimoja zinaweza zisipende risasi moja. Chukua aina nne tano, kapige karatasi, uone bunduki yenyewe inasemaje. Ami aliyapenda sana maneno hayo. Ndani ya gari alinifasiria mara mbili, ingawa nilikuwa nimeyasikia, akaongeza kwamba ndivyo alivyo Bi Mize na samaki.

Basi Alhamisi, ambayo ilikuwa siku yangu ya mapumziko, tulilala kifudifudi kwenye turubai, mtutu umeegemea kifuko cha mchele, na mimi na darubini yangu nikitazama karatasi iliyobandikwa mbele ya tuta. Nilijifunza kwamba bunduki ikibadilishiwa chakula hununa kwanza. Risasi chache za mwanzo huenda ovyo, mpaka ile nta iliyopakwa kwenye risasi mpya itande ndani ya mtutu. Baada ya hapo inatulia na kukupa jibu. Aina moja ya bei mbaya ilitawanya matundu. Nyingine, iliyouzwa kwenye kiboksi kibaya cha kijivu, iliyapanga matundu yake ungeweza kuyafunika yote kwa kifuniko cha chupa. Hiyo ilikuwa ya polepole na yenye tundu kichwani. Jini alikuja kutazama, akasema hata yeye sasa anaona tofauti. Nilifurahi kana kwamba nimefaulu mtihani.

Lakini ile ya kiboksi cha kijivu ilikuwa na kasoro moja, nayo ni kwamba ilifanya kazi yake. Mara tatu Ami alifyatua, mara tatu nilikimbia na kisu nimekishika mbali na mwili kama nilivyofundishwa, na mara tatu nikamkuta sungura keshakwenda. Kichwa kimepigwa, macho yamebaki wazi. Hakuna cha kuchinja. Ami alikuwa akinitazama kwa mbali nami nikimpungia mkono wa hapana. Ndipo alipofanya kosa ambalo nadhani ni Mpemba tu angeweza kulifanya. Kila mwindaji mwingine hutafuta risasi inayoua upesi zaidi. Ami Faki alikwenda dukani kutafuta inayoua taratibu. Akanunua zile ngumu zisizo na tundu, akaniambia hizi zitamwachia mnyama uhai kidogo, kiasi cha mimi kufika. Alilenga kifua badala ya kichwa.

Sungura aliruka juu, akaanguka, akainuka. Sikujua kwamba sungura ana sauti. Alilia mlio mwembamba, mlio wa mtoto, akakimbia upande upande mpaka kwenye shimo, akaingia. Nilifika nahema, nikalala chini, nikatia mkono mpaka begani. Nilisikia kwa vidole manyoya yakisogea ndani zaidi, na ukuta wa udongo una joto na majimaji. Nilipotoa mkono Jini alikuwa amesimama juu yangu. Hakupiga kelele. Alimwambia Ami kwamba alimwomba sungura waliokufa, hakumwomba waliojeruhiwa, na kwamba akiona tena jambo hili asirudi. Ami alivua kofia yake, kitu ambacho sijamwona akifanya mbele ya mtu. Njiani kurudi hakufungua redio. Mimi nilikuwa nalia, nikijifanya naangalia dirishani, na alijua, akanipa leso yake bila kugeuka.

Usiku ule hakula. Kesho yake aliwahi dukani, akarudi na miche miwili ya sabuni. Nilimwona ameitazama sana, akiigeuza, nikamwuliza. Akasema Shaame anasema risasi haikati. Basi tumwonyeshe ndani ya nyama kunakuwaje, na nyama hatuna, tuna sabuni. Alhamisi iliyofuata tukapiga miche miwili mbele ya tuta, mmoja kwa risasi ngumu na mmoja kwa ile yenye tundu, tukaipasua kwa kisu cha mkate. Bi Mize alilalamika meza yake yote inanuka udobi. Halafu mimi nikatumwa kwa Mzee Shaame nazo, zimefungwa kwenye kanga, kwa sababu Ami hangekwenda mwenyewe na Mzee Shaame hangekuja.

Alikuwa akiishi chumba kimoja chenye joto, kila bomba limepigwa rangi, hakuna moja linalovuja. Alizipokea sabuni akazipeleka dirishani. Alitia kidole kwenye njia ile nyembamba, akatia kwenye lile pango, akarudia. Nilimwona anapendezwa, fundi ni fundi. Akasema hii nyembamba, hii ndiyo imekata. Hii nyingine imepasua, imegonga. Nikatafuta adabu ya kusema nilichokuwa nacho. Mwisho nikamwambia, mzee, hiyo iliyokata ndiyo iliyomjeruhi sungura niliyemfuata mpaka shimoni. Nikamsimulia. Ule mlio nikamwambia pia.

"Alikufa?" akauliza.

Nikasema sijui, mzee, mkono wangu haukumfikia. Aliziweka sabuni juu ya redieta, akaziondoa kwa kuwa zingeyeyuka, akabaki nazo mikononi. Halafu akaniuliza kama hakuna, huko madukani, risasi isiyo risasi. Nilidhani amechanganyikiwa. Kumbe alimaanisha ya madini mengine. Na pia akataka kujua yale mafuta yanayopakwa juu yake ni ya mnyama gani, isije ikawa nguruwe. Nilipoyapeleka maswali hayo nyumbani, Ami Faki alichangamka kama mtu aliyepata barua. Alimpigia simu yule muuzaji, ambaye alisema mafuta yale ni nta tu, na kwamba tangu afungue duka hajawahi kuulizwa. Na risasi zisizo risasi zipo, za shaba, nyepesi, za bei. Akaagiza kiboksi kimoja. Bunduki ya Ami ilizikataa. Ilizitawanya kwenye karatasi kama mbegu za papai, nyingine hatukuziona zilipopita. Kwa kulenga vile, tungerudia yale ya shimoni. Muuzaji alisema labda bunduki mpya zaidi ingezikubali. Ami akasema ana bunduki hii na mke huyu, hatabadilisha kimoja.

Nikapeleka habari hizo, nikarudi na nyingine, pamoja na zile sabuni. Kwa majuma kadhaa nilikuwa mjumbe kati ya mitaa miwili, na nilianza kuona kwamba wale wazee hawajaacha kubishana hata kidogo. Wamepata mdomo mpya tu, ambao ni mimi. Siku moja Mzee Shaame akanifungulia mlango kashavaa koti. Akasema anataka kwenda kuona mwenyewe.

Ilikuwa mwanzo wa vuli. Alikuja Upminster na suti, kofia, na viatu vilivyong'arishwa, akaviingiza kwenye matope bila kuvitazama. Yeye na Ami walisalimiana kama watu wa benki. Jini alimletea kiti cha jikoni akakiweka kwenye majani, akampa chai, akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyu ndiye hakimu. Nikamwambia kitu kama hicho. Ami alilala kwenye turubai akiwa na kile kiboksi cha kijivu. Sikumwona akizitafuta zile ngumu, na wala hakuniambia alichoamua. Aliamua kwa kufungua kiboksi. Upepo ulikuwa umetulia. Sungura walitoka mmoja mmoja pembezoni mwa kichaka. Ami alingoja mpaka mmoja akasimama peke yake mbele ya tuta, akaketi wima. Nikamsikia akisoma bismillahi, kwa sauti, ili isikike kitini. Kile kikohozi. Nikakimbia.

Katika maisha yangu sijakimbia vile tena. Nilifika, nikapiga goti, nikasoma, nikachinja. Damu ikatoka, nyingi, nyekundu. Nikamwinua sungura kwa miguu ya nyuma ili wamwone. Kabla sijafungua mdomo Ami alikwisha kusema alhamdulillahi kwa sauti kubwa kabisa, na Jini akapiga makofi, na Mzee Shaame, kule kitini, akawa anamimina chai iliyopoa kwenye majani. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilirudi taratibu nikiwa tayari kuulizwa. Mpaka tunaingia kwenye gari, watu wote watatu walikuwa wanazungumza habari za matope.

Jumapili ile Bi Mize alipika tangu asubuhi. Mzee Shaame alikuja saa yake, akavua viatu, akakaa kwenye kiti chake, akakigusa mikono yake kana kwamba anaangalia kama kimefutwa vumbi. Chakula kilipoletwa alijipakulia wali. Akachukua upawa, akaisukuma nyama pembeni, akachota mchuzi peke yake, akaumimina. Akala. Mimi nilikuwa kwenye ngazi na sahani yangu. Nilimwona Ami Faki akifungua mdomo, maana hata mtoto wa chuo anajua kwamba kama nyama ni mzoga, mchuzi wake hausafiki kwa kuchotwa na upawa. Hoja ilikuwa mezani, imeiva, hajawahi kupata hoja tamu kama ile. Bi Mize akamtazama. Ami akafunga mdomo. Akameza mate, akauliza kama mwezi wa Shaabani utaandama lini kwa hesabu za Shaame, na Shaame akasema hesabu gani, mwezi ni wa kuonwa kwa macho, na vita vikaanza. Bi Mize akaingia jikoni, akafungua bomba la maji, akakaa huko muda. Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya unesi nikahamia Lewisham, lakini kila nilipokuja Jumapili ya sungura nilikuta mambo ni yale yale, nyama kwa Ami, mchuzi kwa Mzee Shaame.

Sasa Ami Faki amezikwa. Bunduki imechukuliwa na wenye leseni ya kuichukua, kabati lile limebaki na mchele tu. Jioni ya hitima, watu wakiwa wamejaa mpaka ngazini kwangu, Mzee Shaame alikuja jikoni akishika ukuta. Amekuwa mdogo sana. Nilimwonyesha mkebe. Alitoa kile kipande chenye njia ya kalamu, akatia kidole, kikawa hakiingii tena, kwa jinsi sabuni ilivyojikunja.

"Zaina," akasema. "Siku ile. Ulimwahi, au hukumwahi?"

"Sikumwahi, mzee. Alikuwa keshakufa."

Akatikisa kichwa, bila mshangao wowote. "Nnajua. Nlimwona alivyoanguka. Hakutupa hata teke."

Nikamwuliza, basi vipi alikula mchuzi miaka yote ile? Si ni nyama ile ile?

"Ni ile ile. Na Faki alijua ni ile ile." Alirudisha sabuni ndani ya mkebe, akafunika, akashindwa kukibana kifuniko, nikakibana mimi. "Kila Jumapili nangoja aniulize, mwanangu. Nlikuwa na jibu langu, nimeliweka tayari. Faki yule, asiyeacha neno likapita. Hakuniuliza hata siku moja."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Bi Mize alikuwa amesimama mlangoni na sahani, sijui tangu lini. Alimwuliza kama atakula, kuna pilau ya ng'ombe, kachinja mtu anayemjua. Mzee Shaame akasema atakula. Akasema nyama aipumzishe, amtilie mchuzi tu.